Nyati wawili kwenye matete: chuma chenye nakshi kitiwe rangi gani?

Swali: Shikamoo Mzee fundi. Mimi ni mwindaji bingwa, naishi Arusha, na msimu ukifunguliwa nakuwa porini, mara nyingi upande wa Selous. Baada ya miaka ya kujinyima nimejengewa bunduki yangu Italia, ya risasi kubwa za .375 H&H, risiva (kile kiwiliwili cha chuma kinachoushika mtutu) ya muundo wa Mauser 98, kitako cha mti wa mjozi. Nakshi imetiwa Gardone Val Trompia. Kwenye risiva na kinga ya kifyatulio kuna majani yanayojisokota. Kwenye kifuniko cha magazini, kule chini, wametokeza nyati wawili kwenye matete. Ni kazi ya vitone, ukiiangalia kwa kioo cha kukuzia unaona hadi nywele za masikio. Chuma bado ni kitupu. Fundi ananipa chaguo nne: zile rangi za marumaru zinazotoka kwenye mkaa wa mifupa, kijivu, bluu, au nikeli. Moyo wangu uko kwenye marumaru. Niliziona kwenye bunduki ya Kiingereza ya mgeni mmoja nikakosa usingizi. Mke wangu anasema kijivu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Msikilize mkeo, lakini kwenye kifuniko cha magazini tu. Risiva na mtutu vitie bluu, na iwe bluu ya kutu, si ile ya kuchemshwa kwenye kostiki. Marumaru zilizokunyima usingizi nitakutafutia mahali padogo pa kuziweka, usije ukanilaumu uzeeni. Nikeli iache huko huko ilipo. Kama gari linakungoja kwenda porini, jibu umeshalipata. Kama una chai mezani, kaa nikueleze.

Watu wengi huchagua rangi ya chuma kwa kuitazama rangi. Mimi nakuomba uitazame nakshi kwanza. Fundi nakshi hachori kwa wino, anachora kwa kivuli. Kila alipokata ni mfereji mdogo, na unachokiona wewe ni giza lililolala mferejini likipakana na mwanga wa chuma kilichobaki juu. Ondoa ile tofauti ya giza na mwanga, na nakshi imekufa hata kama mkato wenyewe haujaguswa.

Kama umekulia pwani, au una shangazi wa pwani, umeshika bangili ya fedha ya zamani yenye maua. Weusi ulioko ndani ya mikato si uchafu. Fedha yenyewe imepiga weusi kwa miaka, kule juu ikasuguliwa na nguo na ngozi ikabaki inang'aa, kule ndani hakuna kidole kinachofika. Akija mjukuu mwenye bidii akaitumbukiza nzima kwenye dawa ya kusafishia, hutoka nyeupe pe, na maua hayaonekani tena. Bibi hulia, na mjukuu haelewi kosa lake. Bunduki yako ni bangili hiyo hiyo, ila ni ya chuma.

Sasa, wewe una nakshi za aina mbili kwenye chombo kimoja, na hapo ndipo swali lako linapopata utamu. Majani yale yamekatwa kwa tindo yenye ncha ya umbo la V, inayosukumwa kwa nyundo ndogo au kwa mashine ya hewa. Mkato wake una kina, una kuta mbili, na ukuta mmoja daima unakamata mwanga. Ukiigeuza bunduki mkononi, majani yanacheza. Mkato wa namna hiyo unavumilia karibu rangi yoyote, hata iliyo nyeusi, kwa sababu unategemea kuta zake zaidi ya kitu kingine.

Nyati wako ni habari nyingine. Hiyo ni kazi ya bulino, jina la kile kichuma chenye ncha kali ambacho fundi anakisukuma kwa kiganja tu bila nyundo. Anaweka vitone na vijistari vidogo kuliko unywele, maelfu kwa maelfu, na kivuli kwenye shingo ya nyati kinatokana na wingi wa vitone, wala si kina chake. Ni kama picha ya gazeti la zamani: ukiisogeza machoni unaona nukta, ukiirudisha unaona uso wa mtu. Bonde lile la Val Trompia, juu ya mji wa Brescia, limewalea mabingwa wa kazi hii, na Firmo Fracassi ni miongoni mwa majina yanayotajwa kwanza. Katika kazi kama hiyo hakuna ukuta wa kukamata mwanga. Kuna uso tambarare na nukta, basi. Uso ukiwa mweusi, nukta nyeusi zimepotea. Uso ukiwa na mabaka, jicho halijui lishike baka au lishike nukta.

Ukitaka kuona marumaru itawafanya nini nyati wako, chukua kitenge chenye maua makubwa, chukua penseli iliyochongwa vizuri, mchore mama yako juu yake.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nilipokuwa mwanagenzi ughaibuni, kwenye karakana ambayo sitaitaja, aliletwa simba wa bulino kwenye bamba la chuma, simba ambaye fundi wake alikuwa amekaa naye majuma kadhaa. Mwenye bunduki alitaka marumaru. Aliambiwa, akasisitiza, na mlipaji ni mlipaji. Bamba likatoka majini na rangi ambazo sijaona nzuri kama zile tangu siku hiyo: samawati ya tausi, zambarau, hudhurungi ya asali. Wingu moja la buluu lilikuwa limemwangukia simba usoni. Mwenye mali alilishika bamba, akaligeuza dirishani, akauliza kwa upole, "Simba yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Nisije nikaonekana nazidharau rangi zile. Ni ufundi wa heshima, na una historia ndefu kuliko urembo wake. Zamani chuma cha bunduki kilikuwa laini, chenye kaboni kidogo, kwa hiyo kinakatika kirahisi kwa tupa na kwa tindo, lakini pia kinalika upesi panaposuguana vyuma. Mafundi wakakipakia kwenye kasha la chuma, kikizungukwa na mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, wengine wakaongeza ngozi iliyochomwa, wakaliziba kasha na kuliweka kwenye tanuru kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 700 hadi zaidi ya 800 za selsiasi. Kaboni ya mkaa inazama kwenye ngozi ya chuma. Kisha kasha linafunguliwa juu ya pipa la maji na vyote vinamwagwa kwa mpigo mmoja, mkaa na vyuma pamoja, bila kukaa hewani hata kufumba na kufumbua. Ngozi inakuwa ngumu kama kioo huku moyo wa chuma ukibaki na ustahimilivu wake. Harufu ya mkaa ule, ukishaivuta, huisahau.

Rangi zilikuwa zawadi tu ya kazi hiyo. Maji yenye viputo vya hewa, na wengine hutia shura kidogo, ile chumvi ya nitrati, yanaugusa uso wa chuma kwa namna isiyo sawa, pakajengeka utando wa oksidi ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando hauna rangi ya kupakwa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unakutana na ule unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi zinafutana, nyingine zinabaki. Ni jambo lile lile unaloliona dizeli ikimwagika kwenye dimbwi la maji stendi ya mabasi. Ndiyo maana hakuna bamba mbili zinazofanana, na ndiyo maana rangi zenyewe ni dhaifu: jua linazififisha, jasho linazila, kiganja kinazifuta. Waingereza huzifunika kwa vanishi ili zichelewe kuondoka, wala hawajidanganyi kwamba hazitaondoka.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha. Bunduki nyingi za marisau za London, zile za waridi na majani madogo madogo yaliyobanana, ambazo leo watu wanazisifia kwa "fedha yake ya kizamani", zilitoka kiwandani zikiwa na marumaru kamili. Miaka 80 ya viganja ndiyo iliyowapa ile fedha. Kwa hiyo ile ya mgeni wako, kama bado ina rangi kali kiasi cha kukukosesha usingizi, ama ni mpya, ama imetiwa rangi upya, ama imeishi maisha yake ndani ya sanduku. Yako haitaishi sandukuni. Na angalia pia: majani ya London ni madogo na yamejaa uso wote sawasawa, kama mchanga, kwa hiyo rangi inapita juu yake bila kuvunja picha, kwa kuwa hapakuwa na picha. Wewe una nyati wenye macho.

Hilo lilikuwa la urembo. La risiva ni la usalama, na hapo sitanii.

Mauser ya mwaka 1898 ilitengenezwa kwa chuma cha kaboni kidogo kilichogumishwa ngozi, kwa hiyo mtu atakuambia, "Mbona ni desturi ya bunduki hiyo hiyo?" Risiva nyingi zinazotengenezwa leo kwa muundo ule ni za chuma chenye kromu na molibdeni, na ugumu wake umeshapangwa na kiwanda, ndani hadi nje, kwa moto uliopimwa. Ukiirudisha risiva ya namna hiyo kwenye nyuzi 750 na kuimwaga majini, umeufuta mpango wote wa kiwanda na kuandika wako. Inaweza kupinda. Inaweza kupata ufa usioonekana. Inaweza kuwa ngumu na tete pale hasa yanapoegemea masikio ya bolti, lile komeo linaloifunga risasi ndani. Na .375 H&H, ambayo imekuwa ikiangusha nyati tangu mwaka 1912, inasukuma kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 4,000. (Baa ya vipimo, siyo ile ya Kijenge.) Gurudumu la gari lako lina baa mbili au tatu. Uso wako unakaa nyuma ya risiva hiyo kwa umbali wa shubiri moja.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Bunduki yao ya kijeshi ya Springfield ya mwaka 1903 ilikuwa na risiva za chuma cha kaboni kidogo zilizogumishwa ngozi, na mafundi walikadiria joto kwa kuangalia wekundu wa chuma. Jicho la fundi ni zuri, lakini siku ya jua kali chuma kilichopitiliza huonekana hakijafika. Baadhi zikaunguzwa, zikawa tete, na kadhaa zikapasuka zikifyatuliwa. Mwaka 1918 utaratibu wa moto ukabadilishwa. Mpaka leo mwenye akili akikutana na Springfield hiyo anasoma namba kwanza: iliyotoka kwenye kiwanda chenyewe cha Springfield ikiwa chini ya 800,000, anaipenda kwa macho na kuitundika ukutani.

Muulize fundi wako jambo moja bila kuona haya: bunduki imeshapita kwenye Banco Nazionale di Prova, ile ofisi ya kupima silaha iliyopo hapo hapo Gardone, au bado? Kipimo chao ni kuifyatua kwa risasi zenye nguvu kupita za kawaida kisha kuigonga muhuri. Muhuri ule unashuhudia chuma kama kilivyokuwa siku ile. Mtu akikitia moto mkubwa baadaye, muhuri unabaki umechorwa pale pale, lakini ushahidi wake umekwisha. Bluu ya kutu haina shida hiyo. Joto lake halizidi maji yanayochemka.

Haya, twende kwenye kijivu.

Kijivu cha sarafu, kama wengine wanavyokiita, kina njia kadhaa. Ya haraka ni kuusafisha uso sawasawa na kuupitishia asidi hafifu, mara nyingi ya fosforasi, mpaka ung'aavu uvunjike na kubaki kijivu kisichopiga kelele. Njia ninayoipenda ni ndefu. Kifuniko cha magazini, ambacho hakibebi mgandamizo wa risasi, kinagumishwa kwanza kwenye mkaa ule ule wa mifupa, halafu rangi zinaondolewa kwa makusudi. Unabaki na uso wa fedha iliyokolea, mgumu kiasi kwamba vitone vya bulino haviliki kwa kiganja. Kwa maneno mengine, unaifanyia kazi ya zile miaka 80 za London kwa asubuhi moja. Ina hatari moja: bamba jembamba hupenda kupinda likizimwa majini, kwa hiyo ni lazima lifungwe kwenye kiunzi cha chuma, na mfanyaji awe amefanya mengi kabla ya lako. Kama fundi wako anasitasita, usimlazimishe. Aligumishe kwa naitrojeni inayotoka kwenye gesi ya amonia, kwenye joto la nyuzi 500 na kitu, bila kuzima majini. Bamba linatoka na kijivu chake lenyewe, limenyooka kama lilivyoingia.

Ukishapata kijivu, mwambie atie wino mweusi mzito kwenye nakshi kisha aufute juu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kibao, siyo kwa kidole, maana kidole kinaingia mikatoni na kuutoa. Hii ndiyo siri ya bangili ya bibi, ila imefanywa siku hiyo hiyo badala ya kungojea miaka. Nyati watanyanyuka kutoka kwenye chuma, utadhani wameingia chumbani.

Aibu ya kijivu ni kutu. Bluu ni oksidi, ina vinyweleo, inashika mafuta. Kijivu ni chuma kilicho uchi. Na kifuniko cha magazini kipo pale pale unapoishika bunduki ukiibeba kwa mkono mmoja, kwenye uzani wake, saa tano nzima kwenye vichaka, kiganja kikitoka jasho la chumvi. Kuna watu, na kila karakana ina jina la kuwaita, ambao jasho lao linatia alama za vidole kwenye chuma kati ya magharibi na alfajiri. Sijui wewe uko kundi gani. Mkeo anajua, muulize visu vya jikoni vinakuwaje ukishika wewe. Dawa ni nta. Si mafuta peke yake, maana mafuta yanafutika na shati. Nta safi laini, ile inayotumika makumbusho kulindia vyuma, au ya nyuki iliyosafishwa vizuri na kulainishwa, ipakwe kidogo, iachwe ikauke, isuguliwe kwa pamba. Kila jioni ukiwa kambini pitisha kitambaa chenye tone la mafuta, hata kabla hujavua viatu. Na usiilaze usiku kwenye ala ya ngozi: ngozi inanyonya unyevu na kuurudisha kwa chuma, pamoja na dawa zilizotumika kuitengeneza.

Sasa utaniuliza, kama kijivu ni kizuri hivyo kwa nini nisitie bunduki nzima, kama wengi wanavyofanya kwa bunduki za marisau? Kwa sababu wewe humwindi kware. Sehemu ya juu ya risiva iko chini ya jicho lako na iko juani. Saa nne asubuhi mwanga unaopiga chuma cheupe unarudi kwenye jicho linalolenga, na unarudi pia kwa yule unayemlenga. Kifuniko cha magazini kinatazama ardhi. Hakimwambii mtu kitu mpaka jioni, ukiigeuza bunduki kando ya moto na mgeni akauliza, "Hebu nione." Kila chuma kipate rangi ya mahali kinapoishi.

Ndiyo maana risiva iwe bluu, na ndiyo maana nimesema ya kutu. Jina lake halidanganyi: chuma kinasafishwa mafuta yote, kinapakwa maji ya asidi hafifu, kinaachwa kwenye kabati lenye unyevu kipate kutu laini nyekundu kama vumbi la Tsavo, kisha kinachemshwa kwenye maji safi. Maji ya moto yanaigeuza ile kutu nyekundu kuwa oksidi nyeusi. Inasuguliwa kwa brashi ya nyuzi laini mno, halafu inarudiwa. Mara sita, mara nane, wengine kumi. Juma zima linaweza kuisha. (Tanga tungeweza kuifanya bila kabati, hewa yenyewe ingetosha.) Unachopata si buluu ya gari jipya, ni weusi wa kina wenye kivuli cha samawati, usiometameta, na majani yako yataonekana humo kwa kuta zake. Bluu ya kostiki inafanyika kwa saa chache kwenye mchemko wa karibu nyuzi 140, inang'aa, ni nafuu, na kwa bunduki ya kawaida sina ugomvi nayo. Kwa mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu laini ni haramu kabisa, maana kostiki inaila lehemu. Yako ni mtutu mmoja, isingeiharibu. Ila mng'ao wake ni wa dukani, nawe umelipia nakshi ya mkono.

Laiti nyati wangekuwa wa dhahabu iliyopachikwa, ningekuambia bluu kila mahali na tungemaliza mapema. Dhahabu juu ya weusi haina mpinzani. Lakini ni wa vitone.

Nikeli na kromu naomba nizipite haraka. Zote mbili haziugeuzi uso wa chuma, zinaongeza tabaka juu yake. Tabaka la mikrometa 10 au 20 si kitu kwenye bomba la maji. Kwenye kitone cha bulino ni theluji iliyofunika nyayo. Hali kadhalika rangi ya kauri ya kupuliza: ni shujaa dhidi ya mvua, ni jangili dhidi ya nakshi. Na akitokea mtu kukuahidi marumaru za bei nafuu, mwulize zinatoka wapi. Kuna za moto wa gesi, ambazo zinarembesha bila kugumisha chochote, na kuna za chumvi za sianidi iliyoyeyushwa, zenye milia kama ya pundamilia na sumu ambayo hupaswi kuikaribia.

Nilikuahidi mahali pa marumaru. Uliza kama bunduki ina kofia ya chuma chini ya kishikio cha mkono, kile kibamba kidogo cha mviringo. Kama haina, iongezwe, ya chuma laini chenye kaboni kidogo, pembezoni iwe na duara moja la majani na katikati patupu kabisa. Hiyo ipelekwe kwenye mkaa wa mifupa peke yake. Haibebi mgandamizo, haiguswi na kiganja, haipigwi na jua, na upana wake unatosha wingu moja la samawati na moja la zambarau. Rangi zinakaa huko miaka mingi. Kama moyo haujatosheka, tia pia bamba la kitako, ingawa hilo utaliegemeza kwenye kila jiwe la Tanzania na marumaru yake hayataona msimu wa tatu.

Skrubu na pini ziwe za buluu kali, ile inayopatikana kwa kuzichovya kwenye shura iliyoyeyuka kwenye nyuzi 300 na kitu. Nukta mbili tatu za samawati kando ya kijivu zinatosha kama hina kwenye ncha za vidole.

Kabla hujatuma jibu Italia, mwandikie fundi mambo mawili. La kwanza, nakshi ikishakatwa isiguswe na gurudumu la kung'arisha. Usafishaji wowote uwe wa msasa laini uliokunjwa juu ya kibao kigumu, ukifuata uso. Gurudumu la nguo linaviringisha kingo za mikato, na ukingo ukishakuwa mviringo hakuna rangi duniani inayoweza kuurudisha. Niliwahi kuviringisha majani ya watu kwa dakika mbili za haraka, na sijasahau bei yake.

La pili, omba bamba la majaribio. Kipande cha chuma kile kile cha kifuniko, ukubwa wa kadi ya benki, akichore sikio moja la nyati na matete machache kwa mkono ule ule, na afanye vipande vitatu vya namna hiyo. Cha kwanza akitie marumaru, cha pili kijivu chenye wino, cha tatu bluu. Avipige picha dirishani, kisha nje juani, kisha usiku chini ya taa ya manjano, akiwa ameshika kwa urefu wa mkono na si kwa kioo cha kukuzia. Atakutoza siku yake ya kazi, na ni haki yake. Picha zikifika, mpe mkeo azione kwanza, usimwambie ipi ni ipi, na umuulize tu sikio analiona kwenye picha gani.